Ruzuku ya usawa wa rangi ni nini hasa?

Ruzuku ni fedha anazopewa mtu au kikundi kwa kazi fulani, bila kutakiwa kuzirudisha. Si mkopo, basi. Lakini si zawadi pia, maana zawadi haiji na fomu. Ruzuku huja na mkataba, tarehe ya ripoti, na mtu wa upande wa pili anayetaka kujua kila senti imekwenda wapi. Likumbuke hilo la mkataba, tutalirudia.

Kinachowachanganya watu ni neno usawa, kwa sababu tunalitumia kwa mambo mawili. Kuna usawa wa mgao: mitaa kumi, kila mmoja upewe dola 1,000, yameisha. Halafu kuna usawa wa hali: mtaa ulionyimwa kwa miaka mingi upewe zaidi, mpaka mtoto anayezaliwa pale awe na nafasi sawa na yule wa ng'ambo ya barabara. Ruzuku za usawa wa rangi, yaani za kupunguza pengo kati ya watu wa rangi tofauti za ngozi, zimesimama juu ya maana hii ya pili. Anayeamini ile ya kwanza peke yake ataziona ni upendeleo, na mabishano mengi unayoyasikia yanaanzia hapo.

Msemo huu umekomaa zaidi Marekani, na huwezi kuuelewa bila ramani. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuipanga mitaa kwa madaraja. Daraja la mwisho lilipakwa nyekundu, na mitaa walikoishi watu weusi ilitumbukizwa humo karibu yote. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikidhamini mikopo ya nyumba, ila si kwa mitaa ya namna hiyo. Asiyepata mkopo hakununua nyumba, na asiyekuwa na nyumba hakuwa na cha kuwarithisha watoto. Ubaguzi katika nyumba ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1968, lakini urithi ambao haukuwepo haukuletwa na sheria.

Sasa chukua kikundi cha wakazi wa mtaa kama huo. Ni wanawake wanane na mchungaji mmoja. Wanataka mabomba ya zamani yang'olewe, kwa sababu watoto wakipimwa damu hukutwa na risasi (madini, si ya bunduki). Mfadhili ametangaza ruzuku, wakafungua fomu. Swali la kwanza: namba ya usajili wa asasi isiyolipa kodi. Hawana. La pili: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Wanachonacho ni daftari la mweka hazina lenye michango ya dola tano tano na risiti zilizobanwa kwa pini. La tatu: mmewahi kusimamia ruzuku ya kiasi gani? Sifuri.

Hakuna mahali fomu ilipotaja rangi ya mtu. Hata hivyo imewachuja, na atakayepita ni asasi kubwa yenye mhasibu na mwandishi wa maandiko ya miradi, ambayo huenda haijawahi kuonja maji ya mtaa ule. Kwa hiyo mfadhili anayesema anatafuta usawa wa rangi huanza kwa kuigeuza fomu yake mwenyewe. Anakubali kikundi kipitie kwa asasi mlezi, yaani asasi iliyosajiliwa inayopokea fedha kwa niaba yao na kubakiza sehemu kwa kazi hiyo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10. Anatoa ruzuku ya uendeshaji, inayolipa mishahara na pango, si ya mradi wa miezi sita tu. Wengine huwaweka wakazi wenyewe kwenye kamati inayoamua nani apewe. Mimi ningeanza na pango. Mradi mzuri hauna maana kama ofisi inafungwa kabla haujaisha.

Masharti ya aliyetoa yanaweza kulemea kuliko fedha zenyewe, na mfano wake ni wa zamani. Kuanzia 1912 hadi 1932, Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, alisaidia kujenga karibu shule 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani, baada ya kushauriana na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mashuhuri wa watu weusi. Sharti lake lilikuwa kwamba wenyeji nao wachangie. Wakachangia ardhi, mbao, nguvu na fedha. Hesabu ilipofungwa, wananchi weusi walikuwa wametoa takriban dola milioni 4.7, na mfuko wa tajiri takriban milioni 4.3. Nyingi ya zilizobaki zilitoka kwenye kodi, ambayo watu haohao walikuwa wakilipa. Shule zilisimama na zikasomesha vizazi. Ila ukiuliza nani alikuwa mfadhili mkuu, jibu si lile lililobaki kwenye jina: mpaka leo zinaitwa shule za Rosenwald.

Baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis, Mei 2020, ahadi za ruzuku zilimiminika. Baadhi zilikuwa kilemba cha ukoka, tangazo zuri na fedha kiduchu. Nyingine zilikuwa za kweli. Mwezi uliofuata Wakfu wa Ford ulikopa dola bilioni 1 kwa hati fungani ili uongeze ruzuku. Kwa kawaida wakfu binafsi hutoa takriban asilimia 5 ya mali yake kwa mwaka, kiwango ambacho sheria inakitaka, na wengi huishia hapohapo. Julai, tajiri MacKenzie Scott, mtalaka wa mwanzilishi wa Amazon, alitangaza kwamba amegawa karibu dola bilioni 1.7 kwa asasi 116, na fungu kubwa kuliko yote lilikwenda kwenye usawa wa rangi. Hakuwapangia matumizi. Kwa waliozoea kuandika ripoti kila robo mwaka, hilo lilikuwa jambo geni kuliko hata ukubwa wa fedha.

Kisha likaja suala la mkataba. Mfuko mmoja wa Atlanta, Fearless Fund, ulikuwa na shindano la ruzuku ya dola 20,000 kwa biashara za wanawake weusi. Hizo ni biashara, si vikundi vya jamii, lakini kesi yake iliwatikisa wote. Asasi inayopinga mipango ya kuchagua watu kwa rangi iliushitaki. Washitaki walishikilia sheria ya 1866, iliyotungwa baada ya utumwa ili watu weusi wawe na haki ya kuingia mikataba kama wazungu. Walidai kwamba ruzuku ni mkataba, na kuwafungia wengine mlango kwa sababu ya rangi kunaivunja sheria hiyo. Juni 2024 majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya rufani waliona hoja hiyo ina uzito, wakalisimamisha shindano. Septemba pande mbili zikapatana nje ya mahakama na shindano likafungwa. Sheria iliyowekwa kumlinda mtumwa aliyeachwa huru ikawa imetumika dhidi ya wajukuu zake. Wanasheria wataniambia si rahisi hivyo. Sawa.

Tangu hapo wafadhili wengi wanachagua maneno kwa uangalifu. Badala ya kuandika ni rangi gani wanaostahili, wanaandika mtaa gani, kipato gani, umri wa mabomba. Wale wanawake wanane na mchungaji wao watabadilisha ukurasa wa kwanza wa andiko lao. Penye neno "weusi" wataweka ramani ya mtaa, na mipaka yake itafuata karibu mstari uleule uliopakwa nyekundu miaka tisini iliyopita.