Hapana, majina hayakubadilishwa Ellis Island

Kuna hii stori imezunguka miaka na miaka, eti wahamiaji walipofika Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji pale New York, afisa akishindwa kutamka jina lako anakuandikia lingine la Kiingereza na hapo ndo ukoo wako umeshabadilika. Stori tamu kweli, ila haikuwa hivyo.

Kituo kilifanya kazi 1892 hadi 1954, na maafisa wake hawakuwa wanaandika majina upya. Orodha ya abiria iliandaliwa na kampuni ya meli hukohuko bandari ya kuondokea, Hamburg au Naples kwa mfano, sasa ukifika afisa anashika ile karatasi, anatafuta mstari wako, anakuuliza yaleyale uliyokwisha jibu, unatoka wapi, unaenda kwa nani, una hela kiasi gani, majibu yakilingana unapita. Na wakalimani walikuwepo kibao, Fiorello La Guardia mwenyewe, aliyekuja kuwa meya wa New York, alikuwa mmoja wao kuanzia 1907 hadi 1910.

Sasa majina yalibadilikaje? Mara nyingi wenyewe ndo walibadilisha, baadaye. Mtu anatafuta kazi, bosi anahangaika na jina, watoto wanachekwa shule, basi mzee anaamua kulifupisha. Tena sheria ya uraia ya 1906 iliruhusu mahakama ikubadilishie jina palepale unapopewa uraia. Makosa ya tahajia yalikuwepo, sikatai, ila hayo yalianzia kwa karani wa meli.