Kesi ya Kiwanja: Nani Aunganishwe, na Lini

Dalali wa mahakama amefika na amri ya kumtoa mtu ndani ya nyumba, lakini aliyemo ndani hajawahi kuitwa barazani hata siku moja. Kesi ilikuwa kati ya aliyemuuzia na mtu anayedai kiwanja ni chake. Mshindi anadhani kazi imekwisha, kumbe hukumu aliyonayo inaweza kufutwa yote na shauri likaanza upya, kwa sababu aliyepaswa kuwemo hakuwemo.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa kuunganisha wahusika, yaani kuwaingiza kwenye kesi kama wadai au wadaiwa, ni Amri ya I (sehemu yenye kanuni za wahusika) ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Kanuni ya 10(2) inaipa mahakama uwezo wa kumwondoa mtu aliyewekwa kimakosa na kumwingiza aliyeachwa, wakati wowote wa shauri, kwa maombi ya mhusika au kwa hiari yake yenyewe. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nalo hufuata sheria hiyo pale kanuni zake za mwaka 2003 ziliponyamaza.

Wapo wanaosoma kanuni ya 9, inayosema shauri halianguki kwa sababu tu mhusika fulani ameachwa, wakatulia. Wasitulie. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba kinga hiyo haimfikii mdai aliyemwacha mhusika wa lazima. Na mhusika wa lazima hupimwa kwa maswali mawili: je, kuna nafuu (jambo ambalo mdai anaomba mahakama iamuru) inayodaiwa dhidi yake kutokana na jambo lilelile linalobishaniwa? Na je, mahakama inaweza kutoa tuzo (amri ya mwisho ya hukumu) inayotekelezeka bila yeye kuwepo? Likijibiwa la kwanza ndiyo na la pili hapana, huyo aunganishwe. Mtu ambaye ushahidi wake unasaidia tu ni shahidi. Kuwa shahidi hakumfanyi mtu afungwe na hukumu, hata kama alikaa kizimbani siku tatu.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki akaacha kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mdogo wake akakiuza kwa karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, mnunuzi naye akamuuzia mtu wa tatu, ambaye amejenga na kukiweka rehani benki. Watoto wanataka kiwanja kirudi.

Kwanza, upande wa kudai. Watoto hawana mamlaka ya kudai mali ya marehemu kwa majina yao, anayedai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya uteuzi (Mahakama ya Mwanzo hutoa Fomu Na. IV) iambatanishwe tangu mwanzo. Shauri lililofunguliwa kwa jina la "familia ya marehemu" huanguka kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayoletwa mwanzoni, kabla hata ya ushahidi.

Upande wa kudaiwa ndiko watu wengi wanakokosea. Wanamshtaki aliyemo ndani ya kiwanja peke yake, kwa kuwa ndiye wanayemwona. Tangu mwaka 1983 Mahakama Kuu imeshikilia kwamba anayedai ardhi iliyouzwa kwa mtu mwingine awaunganishe mnunuzi na muuzaji pamoja. Kwa hiyo mdogo wa marehemu anaingia, mtu wa tatu anaingia, na mnunuzi wa katikati pia, maana uhalali wa mauzo yake ndio daraja la yule wa mwisho. Benki inaingia ikiwa unaomba tamko linalogusa rehani yake. Mwenyekiti wa mtaa aliyegonga muhuri? Kwa kawaida huyo ni shahidi. Watu hupenda kumshtaki kwa hasira, lakini kama hudai lolote dhidi yake, unajiongezea mdaiwa asiye na kazi, na pengine gharama za kumlipa atakapoondolewa.

Ili usibahatishe majina, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kama kiwanja kimesajiliwa. Upekuzi huonyesha mmiliki aliyeandikwa, rehani na vizuizi vilivyowekwa. Kama hakijasajiliwa, kusanya mikataba yote ya mauzo na uifuate mmoja baada ya mwingine hadi kwa mmiliki wa kwanza.

Sasa mtego mkubwa. Ukitaka hati ifutwe au ugawaji ubatilishwe, utamhitaji Kamishna wa Ardhi au halmashauri, na pengine halmashauri ya kijiji. Hapo umeigusa Serikali. Kwa mabadiliko ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe hata kama unayemshtaki ni mamlaka ya serikali za mitaa, na kumwacha kunabatilisha mwenendo wote. Kabla ya kufungua lazima utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa hiyo huwezi kuichomeka halmashauri ya kijiji katikati ya shauri lililoko Baraza la Wilaya. Baraza halitakuwa na mamlaka, bila kujali thamani ya ardhi. Njia salama ni kuomba kuliondoa shauri kwa ruhusa ya kulifungua upya, kutoa notisi, kisha kwenda Mahakama Kuu. Lakini hesabu ukomo kwanza, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri: madai ya kurejesha ardhi yana miaka 12, na aliyebakiza miezi miwili asiondoe shauri kabla ya kupata ushauri wa wakili.

Utaratibu wa maombi wenyewe si mgumu. Mdai, mdaiwa au mtu wa nje anayeona ardhi yake inajadiliwa bila yeye, huleta maombi yakiambatana na kiapo, yaani maelezo ya maandishi aliyoyaapia. Kiapo kizuri kinataja namba ya shauri na hatua lilipofikia, kiwanja chenyewe (namba na kitalu, au mipaka kama hakijapimwa), haki ya anayeombewa kuingia na ilivyopatikana, lini jambo hili lilijulikana, na kwa nini amri itamgusa. Mkataba wa mauzo au nakala ya upekuzi uambatanishwe. Kiapo kinachosema tu "nina maslahi katika ardhi hiyo" hukataliwa, na ndivyo inavyostahili.

Mdaiwa aliyenunua kwa nia njema na anataka muuzaji amrudishie fedha endapo atashindwa ana mlango mwingine: notisi ya mtu wa tatu, inayomwita muuzaji huyo ndani ya shauri, chini ya kanuni ya 14 ya Amri hiyohiyo ya I, kwa ruhusa ya mahakama.

Ombi likikubaliwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Hati ya madai irekebishwe, si kwa kuongeza jina juu tu, bali kwa aya zinazoeleza huyo mpya amefanya nini na unaomba nini dhidi yake. Nakala iliyorekebishwa apelekewe yeye pamoja na wito, na apewe muda wa kuleta utetezi wa maandishi. Mashahidi waliokwisha kusikilizwa anapaswa kupata nafasi ya kuwahoji. Ndiyo maana ombi la kuunganisha lililoletwa baada ya mashahidi wanne linagharimu zaidi kuliko lililoletwa kabla ya usikilizwaji.

Mhusika akifariki shauri likiendelea, mwakilishi wake aombewe kuingia ndani ya siku 90. Muda huu hupita haraka, kwa sababu uteuzi wa msimamizi wenyewe huchukua wiki kadhaa. Anzeni mirathi mara baada ya msiba.

Na yule wa mwanzo, aliyefikiwa na dalali bila kuitwa? Rufaa hana, kwa kuwa hakuwa mhusika. Anaomba mapitio, yaani mahakama ya juu iukague mwenendo na uamuzi wa mahakama ya chini, ndani ya siku 60 tangu uamuzi, na akichelewa anatangulia na ombi la kuongezewa muda, akieleza siku aliyopata habari na aliipataje. Notisi aliyobandikiwa mlangoni aitunze, na tarehe aliyoikuta aiandike hapohapo.