Django 5.0 na saa tatu zilizozuka kwenye fomu

Ukipandisha mradi wa zamani hadi Django 5.0 (Django ni mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python), usishangae mtumiaji akikupigia kulalamika kwamba miadi aliyoiandika 09:00 sasa inasomeka 12:00. Ukiichungulia hifadhidata utakuta 09:00 ile ile. Kilichobadilika ni namna fomu inavyoisoma.

Chanzo ni mpangilio mmoja, USE_TZ, unaoamua kama Django izingatie kanda za saa. Usipouandika, zamani Django iliuchukulia kuwa False, tangu 5.0, iliyotoka Desemba 2023, inauchukulia kuwa True. Ukiwa False, muda hutolewa kwenye hifadhidata ukaonyeshwa ulivyo. Ukiwa True, Django huamini kwamba kilichohifadhiwa ni saa za UTC (saa sanifu ya dunia), kisha huzigeuza kufuata TIME_ZONE, kanda ya saa uliyoichagua. Ukiwa umeweka Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, zinaongezeka saa 3.

Wengi hawataguswa, maana startproject, amri ya kuanzisha mradi mpya, imekuwa ikiandika USE_TZ = True yenyewe kwa miaka mingi. Wanaotumia hifadhidata ya PostgreSQL nao wamesalimika, kwa kuwa safu zake za muda hutunza UTC hata mpangilio ukiwa False. Wanaoumia ni wa hifadhidata za MySQL na SQLite waliojiandikia faili la mipangilio (settings) wenyewe au waliofuta mstari ule. Na matoleo ya 4 yalitoa onyo, ila maonyo ya terminali nani huyasoma?

Mimi fomu hainitishi sana. Ripoti ndiyo hunitisha. Mauzo ya 21:30 yanakuwa ya 00:30, na kichujio cha __date, kinachochagua rekodi kwa tarehe, hugeuza saa kwanza ndipo kilinganishe tarehe, kwa hiyo yanahamia siku inayofuata. Duka linalofunga jioni halitagundua lolote. Baa itagundua usiku wa kwanza. Kwenye MySQL, kama majedwali ya kanda za saa hayajapakiwa, CONVERT_TZ, amri yake ya kugeuza saa, hurudisha NULL (yaani hakuna thamani) na ripoti inatoka tupu.

Hatari kubwa zaidi ni watumiaji wenye bidii. Anayefungua rekodi ya zamani na kuihifadhi bila kugusa muda hana madhara: 12:00 inarudi 09:00. Lakini anayeisahihisha iwe 09:00 anahifadhi 06:00, ambayo kwa mfumo mpya ni sahihi. Rekodi mpya nazo zinaingia kwa UTC. Siku mbili tu, jedwali moja lina saa za aina mbili, na ukipunguza saa 3 kote unaziharibu zilizokuwa sawa.

Kwa hiyo andika USE_TZ = False kabla ya kupandisha toleo; kila kitu kitabaki kama zamani. Kuhama kunahitaji siku yake: funga mfumo, chukua nakala rudufu, punguza saa 3 kwenye kila safu ya DateTimeField (yenye tarehe na saa), ndipo uweke True. DateField, zenye tarehe tu, usiziguse. Usisahau majedwali ya Django yenyewe, kama safu za last_login na date_joined kwenye auth_user, jedwali la watumiaji. Hapa Afrika Mashariki tuna nafuu: saa zetu hazisogezwi mbele na nyuma kwa misimu, hivyo hesabu ni moja mwaka mzima. Uingereza kuna saa nzima inayojirudia kila Oktoba, na hakuna hoja ya SQL itakayokuambia rekodi ni ya mzunguko upi.

Kisha pekua msimbo wote, kila datetime.now() iwe timezone.now(). Utakayoiacha haina kanda ya saa, hivyo italeta hitilafu ya TypeError pale itakapolinganishwa na muda uliotoka kwenye hifadhidata.