Je, wajua kwa nini yai la nyoka wa mahindi hukwama, na kwa nini kulikamua ni hatari?

Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus kwa jina la kisayansi, ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia New Jersey hadi visiwa vya Florida Keys. Hana sumu; huwaua panya kwa kujizungusha mwilini mwao na kuwabana. Upole wake umemfanya awe miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani huko Marekani na Ulaya. Jike hutaga mayai 10 hadi 30 kwa mkupuo. Kwanza hujivua gamba, wiki moja au mbili baadaye hutaga, na kwa kawaida kazi huisha ndani ya saa kadhaa, pengine siku nzima. Lakini hutokea akataga mayai kumi, akasimama, na vivimbe viwili au vitatu vikabaki vinaonekana karibu na mkia.

Anayeona hivyo hudhani mara moja kwamba yai limeuzidi mlango. Ni dhana ya kawaida sana, na inatokana na wanyama tuliowazoea. Mtoto wa binadamu au ndama hupita katikati ya mifupa ya nyonga, na mifupa hiyo ina kikomo chake. Yai la kuku lina ganda gumu lisilobonyea. Mtu akishayajua hayo, huyahamishia kwa nyoka bila kujiuliza.

Nyoka wa mahindi hana nyonga kabisa. Chatu amebakiwa na vipande vidogo vya mifupa ya nyonga ndani ya mwili, lakini huyu hana hata hivyo. Mbavu zake haziungani chini ya tumbo, kwa kuwa hana kidari. Ngozi yake hutanuka kiasi cha kupitisha panya mnene kuliko kichwa chake. Na yai lenyewe halina ganda la kugonga: limefunikwa na utando mgumu kiasi kama ngozi, unaobonyea ukiguswa. Kwa hiyo yai la kawaida halikutani na mfupa wowote njiani.

Vizuizi vya kweli vipo, sikatai. Mayai mawili huweza kugandana yakawa moja, yai huweza kuumbika vibaya, au uvimbe na makovu ya ugonjwa wa zamani yakaibana njia. Hata hivyo, katika visa vingi njia iko wazi. Kilichosimama ni kile kinacholisukuma yai.

Yai husafiri ndani ya mrija wa mayai. Nyoka anayo miwili, wa kulia ukiwa mrefu zaidi na ukianzia mbele zaidi ya wa kushoto. Ukuta wake ni mwembamba na una misuli inayobana nyuma ya yai na kulegea mbele yake, hatua kwa hatua, hadi yai lifike kwenye kloaka, tundu moja linalotumika kwa choo na kwa uzazi. Fikiria yai lililochemshwa na kumenywa, limo ndani ya mkono wa shati lililolowa. Ukilisukuma kwa vidole kutoka nje, kitambaa kinalishika yai na kwenda nalo, kinajikunja mbele yake, na kadiri unavyokaza ndivyo mkunjo unavyoziba njia. Ukiendelea, ama yai litapasuka, ama mshono utaachia. Yai hilo lingetoka vizuri kama kitambaa chenyewe kingeweza kubana nyuma na kufunguka mbele, na hicho ndicho mrija hufanya ukiwa na nguvu. Vidole vyetu haviwezi kufungua mbele. Vinaweza kubana tu.

Ndiyo maana kumkamua nyoka kuelekea mkiani, jambo ambalo mtu mwenye huruma hulifanya kwa nia njema kabisa, limewaua nyoka wengi. Yai lililokaa siku kadhaa huwa limegandamana na ukuta wa mrija. Likisukumwa, mrija huchanika, au hugeuka nje-ndani na kuchomoza kwenye kloaka. Yai likipasuka ndani na kiini kikavuja tumboni, hufuata uvimbe mbaya ambao hata daktari huhangaika nao.

Sasa misuli husimama kwa sababu gani? Nyoka hazalishi joto lake mwenyewe, hivyo misuli yake hufanya kazi kulingana na joto la mahali alipo. Kizimba kikiwa baridi, misuli huzembea. Upungufu wa maji huuacha mrija mkavu. Unene na kukaa bila mazoezi hudhoofisha misuli, na jike mchanga anaweza kuishiwa nguvu kabla mayai hayajaisha. Wafugaji wa Marekani wana kanuni ya kuhesabu kwa tatu: jike asipandishwe kabla hajatimiza miaka 3, uzito wa gramu 300 na urefu wa futi 3, yaani sentimita 90 hivi. Haikutoka maabara, lakini ni kipimo chenye busara.

Sababu inayonivutia kuliko zote ni ukosefu wa mahali pa kutagia. Ganda laini la yai hupitisha maji, kwa hiyo yai likiwekwa pakavu hunyauka. Porini jike hutafuta gogo linalooza au rundo la majani yenye unyevu. Akifungiwa kwenye kizimba chenye karatasi kavu, huzunguka usiku kucha, akipekua kila pembe, huku ameyazuia mayai. Tabia ileile inayolinda kizazi chake ndiyo inayomweka hatarini, maana kadiri anavyosubiri ndivyo mayai yanavyogandamana na mrija na misuli inavyochoka.

Kwa hiyo msaada wa nyumbani huanzia hapo. Mpe sanduku lenye kifuniko na tundu la kuingilia, kubwa kiasi cha yeye kujikunja ndani, lililojazwa makumbi ya nazi yaliyosagwa au kuvumwani (mimea midogo laini kama sponji) iliyolowekwa kisha ikakamuliwa. Liweke kabla hajajivua gamba lile la mwisho. Upande mmoja wa kizimba uwe na joto la nyuzi 29 hadi 31 hivi, mwingine uwe wa ubaridi kidogo, na upime kwa kipimajoto badala ya kiganja. Maji ya kunywa yawepo. Wengi humlaza pia kwenye maji ya uvuguvugu, ya kina kifupi, kwa dakika 20 au 30 huku wakimwangalia. Ushahidi wake ni uzoefu wa wafugaji na madaktari kuliko majaribio rasmi, lakini humwongezea maji bila kumdhuru. Baada ya hapo mwache atulie. Kumshika kila saa humfanya aache kusukuma.

Kutoka kwa wafugaji wa kuku watu wamechukua pia mafuta na kalsiamu. Mafuta ya kupaka mlangoni hayalifikii yai lililo sentimita 15 ndani. Kalsiamu husaidia kama nyoka kweli amepungukiwa, lakini anayekula panya wazima huipata kwenye mifupa yao, hivyo mara chache ndiyo chanzo.

Kuku aliyekwama yai huweza kufa upesi. Nyoka huweza kukaa na yai kwa wiki kadhaa akionekana mzima, na utulivu huo humdanganya mwenye nyoka. Zikipita siku mbili tangu yai la mwisho na vivimbe bado vipo, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia. Akichomoza nyama kwenye kloaka, au akilegea, usingoje hata siku moja.

Daktari atampiga eksirei au ultrasaundi kwanza, kwa kuwa sindano ya oksitosini, homoni inayoifanya misuli ya mrija ibane, haifai pale ambapo njia imezibwa. Hata pale inapofaa, kwa nyoka haina uhakika kama kwa kobe. Homoni ya nyoka mwenyewe ni nyingine, vasotosini. Oksitosini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema. Isiposaidia, daktari huweza kuchoma sindano nene hadi kwenye yai, akavuta majimaji yake, yai likanywea na mara nyingi kutoka lenyewe ndani ya siku moja au mbili. Yai lililokaa sana hugeuka zito ndani na halivutiki tena. Hapo hubaki upasuaji, mrija ukifunguliwa na kushonwa. Wapo majike waliopasuliwa hivyo wakataga vizuri msimu mwingine.

Haya yote yanamhusu pia jike ambaye hajawahi kuwekwa na dume. Naye huweza kutaga mayai, yasiyo na mbegu, na huweza kukwama vilevile. Mwenye jike mmoja peke yake aliyekomaa aandae sanduku la kutagia mara tu anapoona tumbo limejaa na chakula kinakataliwa.