Bundi wa Gangilonga na kelele za Julai

Kila mwaka baridi ya Iringa ikikaza, simu yangu huanza kuita. "Kamwene, mwalimu. Kuna bundi juu ya mti wetu, leo siku ya tatu analia. Tufanyeje?"

Huwa nauliza kwanza: analiaje? Mitaa kama Gangilonga na Wilolesi, yenye mijakaranda na mikaratusi mikongwe, haina bundi wa aina moja. Anayepiga ukelele mkavu kama shuka inayochanwa ni yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, mpenda madari. Mwenye "huu-huu" nzito, ya taratibu, ni yule mkubwa mwenye vishungi viwili kichwani. (Si masikio hayo, masikio yamefichwa na manyoya pembeni mwa uso.) Huyo hupenda mawe, na kwa mawe Iringa hatuna njaa. Wa tatu ni bundi wa msituni, macho meusi, hana vishungi. Dume na jike huimba kwa kupokezana, jike kwa sauti ya juu zaidi.

Hawa si wageni. Unayemsikia Julai alikuwepo na Februari, ila alikuwa kimya zaidi. Mvua zikishakatika, dume na jike huanza kuitana na kuwatangazia majirani mipaka yao. Piga hesabu: kuatamia ni yapata mwezi mmoja, kiotani makinda hukaa mwezi mwingine na ushee, kisha wanalishwa nje kwa wiki kadhaa. Akitaga Agosti, watoto wanajifunza kuwinda karibu na mvua za kwanza, kumbikumbi wanapotoka. Kinda asiyeweza panya, kumbikumbi anamweza.

Bibi yangu alisema bundi ni uchuro, nami sikumbishia bibi. Lakini Juni na Julai ndiyo miezi ya kichomi huku kwetu. Bundi anamwita mchumba, msiba unatokea nyumba ya tatu, watu wanaunganisha. Msiba ukitokea Machi bundi akiwa kimya, nani atakumbuka kuwa hakulia?

Kuna na jambo la mahindi. Yakivunwa na kuingia stoo, panya nao huingia, na bundi huwafuata. Humeza panya mzima, kisha hutapika kitonge cha manyoya na mifupa. Niliwahi kuloweka kimoja nilichookota chini ya mkaratusi, nikatoa mafuvu matatu ya panya. Chakula cha usiku mmoja tu hicho, bila malipo.

Ndiyo maana sumu ya panya inaniudhi. Nyingi huzuia damu kuganda, kwa hiyo panya hafi papo hapo. Huzubaa siku kadhaa, mzito wa kukimbia, na bundi humchukua kirahisi pamoja na sumu yake. Tega mtego.

Simu za Oktoba ni za aina nyingine: "Mtoto wa bundi kaanguka." Mara nyingi hajaanguka. Makinda hutoka kiotani kabla ya kuruka vizuri, na wazazi huendelea kuwalisha usiku. Usimwingize ndani, usimpe mkate na maziwa. Funga mbwa, vaa glavu, mweke kwenye tawi la karibu. Atagonga mdomo ta-ta-ta kukutisha. Mwache atishe.