Mlalo wa ndevu na mlalo wa wembe

Siku ya kwanza nilipokwenda kwa mzee mmoja wa Bombo, Uganda, anifundishe kujinyoa kwa wembe wa kukunja, wembe wenyewe hakunipa. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ndevu zako zinalala wapi?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Akanirudisha nyumbani nikae siku tatu bila kunyoa, halafu nije na jibu.

Mlalo wa ndevu ni upande ambao udevu unaelekea ukishatoka kwenye ngozi. Ndevu hazisimami wima; kila udevu umeinama, na jirani zake wameinama nao. Ukipitisha kiganja kufuata mlalo, mkono unateleza. Ukirudi kinyume, unakwaruzwa. Hilo ndilo jaribio lote, na linataka ndevu za siku mbili tatu, maana zilizonyolewa leo hazisemi kitu. Zangu mashavuni zinashuka moja kwa moja kama mvua isiyo na upepo. Lakini chini ya taya la kushoto zinakimbilia sikioni, na kando ya kikoromeo kuna kizingo kidogo, kama kile cha utosini. Mzee alinichorea uso kwenye kipande cha boksi, akaniambia niujaze mishale. Kwa wiki mbili boksi lile ndilo lilikuwa somo langu.

Wengi wetu hatujawahi kuliwaza jambo hili kwa sababu tumelelewa na mashine ya saluni. Mashine inapita popote, kinyozi anamalizia kwa spiriti inayokutoa machozi, unalipa unaondoka. Umeme ukikatika, unasubiri na nusu ya kidevu. Wembe wa kukunja haungoji umeme, ila unakudai uujue uso wako kwanza.

Nauita wembe wa kukunja ule wenye bapa zima la chuma linaloingia ndani ya mpini, si kile kishikio cha saluni kinachochomekwa nusu ya wembe wa kawaida, ambayo hutupwa baadaye. Vinafanana kwa mbali tu. Nusu wembe ni mwepesi na mkali mno, hausamehe mkono wa mwanafunzi. Bapa zima lina uzito wake, na uzito huo ndio unaonyoa. Kabla ya King Camp Gillette kupata hataza ya nyembe za kutupa mwaka 1904 huko Marekani, hizi za kukunja ndizo zilizokuwa za wanaume wengi waliojinyoa, na miji iliyosifika kwa kuzitengeneza ilikuwa Solingen ya Ujerumani na Sheffield ya Uingereza. Wangu ni wa Solingen, wa mitumba, upana wa inchi 5/8, yaani kama milimita 16.

Sasa mlalo wa pili, wa wembe wenyewe. Ulaze wembe bapa kabisa shavuni, mgongo wake na makali vyote vikigusa ngozi. Kisha inua mgongo peke yake, mpaka kati yake na ngozi iweze kupita migongo miwili ya wembe huo huo. Hapo umefika kama nyuzi 30, na hapo ndipo pa kunyolea. Ukiulaza zaidi, unazivuta ndevu badala ya kuzikata, nawe utajua kwa machozi. Ukiusimamisha zaidi, unaparua ngozi, na dakika tano baadaye uso unawaka moto. Kosa la kusimamisha ndilo la karibu kila anayeanza, kwa sababu mkono ukifika kidevuni, taya linapinda lakini kifundo cha mkono kinabaki pale pale.

Kingine mzee alichonikataza kwa ukali: makali yasiende kando kamwe. Kisu cha nyama hukata kwa kuburutwa, mbele na nyuma. Wembe ukiuburuta hivyo usoni hata kidogo, umejichanja, na huhisi mpaka uone povu linageuka jekundu. Wembe husukumwa kwa upana wake, mikupuo mifupi ya sentimita mbili tatu, bila kukandamiza. Vidole vitatu hukaa juu ya shingo ya wembe, kidole gumba chini yake, na kile cha mwisho hupumzika kwenye kimkia kilichopinda nyuma ya shingo hiyo. Mkono wa pili unanyoosha ngozi. Wiki ya kwanza nilinyoa mashavu tu, kidevu nikakiachia mashine, na sikuona aibu.

Maji, bila shaka, ndiyo yanayotangulia. Wahenga waliposema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, walikuwa wanatoa onyo, lakini ukiuchukua msemo ulivyo ni ufundi mtupu. Udevu mkavu ni mgumu. Ukiloweshwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu, udevu unavimba na kulainika, na wembe unapita bila vita. Mimi hufunika uso kwa taulo iliyolowa, kisha napaka povu zito la sabuni kwa burashi.

Kwa nini basi mzee alianza na mlalo wa ndevu, si na maji wala mkono? Kwa sababu ya vipele. Ndevu zetu Waafrika wengi zimejikunja, na hata shina lake ndani ya ngozi limepinda. Ukinyoa kinyume cha mlalo huku umeivuta ngozi kwa nguvu, udevu unakatwa ukiwa umechomoza kupita kiasi, halafu ngozi ikiachiliwa unarudi ndani, ncha yake kali kama mshale. Ukianza kukua unapinda na kuichoma ngozi kutoka ndani. Mwingine unatoka nje kisha unajikunja na kuingia tena. Mwili unauona kama mwiba, na kile kipele chenye usaha shingoni ndiyo majibu yake. Si uchafu, wala si lazima liwe kosa la sabuni.

Kwa hiyo zile pasi tatu zinazosifiwa, ya kufuata, ya kukata kando, kisha ya kinyume mpaka uso uwe laini kama wa mtoto, kwa ndevu zilizonyooka huenda ni sawa. Kwetu naona ni kujitafutia maradhi. Fuata mlalo mara moja. Ukitaka sana, paka povu tena, upite kando mara ya pili, basi. Ngozi inyooshe kiasi cha kutojikunja mbele ya makali, isikazwe kama ngoma. Aliyekwisha kujaa vipele aache kunyoa kwa wiki kadhaa, na visipopoa aende kwa daktari. Anayefuga sharafa na kusafisha shingo tu yuko palepale, kwani shingo ndiyo yenye milalo ya vurugu kuliko uso wote.

Ukijikata, shabu iliyoloweshwa maji huzuia damu. Na wembe huu ni kama mswaki, wa mtu mmoja: kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, hata pale usipoona damu.

Kuhusu makali, huhitaji kinoo kila wiki. Unahitaji mkanda wa ngozi halisi. Wangu niliupata Owino, soko la Kampala, mkanda wa suruali uliomshinda mwenyewe kwa urefu. Wembe unapitishwa bapa, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, na ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo. Ukiugeuza kwa makali umeukata mkanda na kuua ukali kwa mpigo. Mimi hupitisha mara thelathini, kwenda na kurudi, kabla ya kunyoa. Baada ya hapo naufuta ukauke kabisa na kuupaka tone la mafuta ya cherehani, maana chuma hiki kinapata kutu upesi, na hewa ya huku karibu na Ziwa Viktoria haina huruma.

Kile kipande cha boksi bado kimebandikwa kando ya kioo changu. Nimefuta mshale mmoja tu, wa chini ya sikio la kulia. Niliuchora kinyume.