Je, wajua kwa nini paa la asbesto ni hatari zaidi siku ya kulibomoa?

Yale mapaa ya kijivu yenye mawimbi, mazito kuliko bati la kawaida, bado yamefunika shule, maghala na nyumba nyingi za zamani Afrika Mashariki. Ni saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzinyuzi yasiyoshika moto. Paa likiwa zima, nyuzi hizo zimeshikwa na saruji na hazina pa kwenda. Kasheshe huanza fundi anapolipiga nyundo au kulikata kwa msumeno, au likichakaa hadi likaanza kumeguka lenyewe.

Hapo hutoka vumbi la nyuzi nyembamba mno kuliko unywele, hazionekani wala hazinuki. Ukizivuta, hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu. Seli za kinga hujaribu kuzimeza, lakini uzi ni mrefu na hauozi: seli hufa, uzi hubaki. Kidonda kisichoisha hugeuka kovu, na pafu lililojaa makovu halitanuki. Huo ndio ugonjwa wa asbestosisi. Wengine hupata saratani ya mapafu, au mesothelioma, saratani ya utando unaoyazunguka.

Ugonjwa huchukua miaka 20, 30, hata zaidi ya 40 kujitokeza, na ucheleweshaji huo uliwapa wenye viwanda nafasi kubwa ya kukana. Nellie Kershaw alisokota nyuzi za asbesto huko Rochdale, Uingereza. Alifariki mwaka 1924 akiwa na miaka 33, na Daktari William Cooke akakuta chembe za madini mapafuni mwake. Kanuni za kudhibiti vumbi viwandani zikatungwa 1931. Marufuku kamili? 1999. Miaka 75 baada ya kifo cha Nellie! Na tangu 1960 mtafiti wa magonjwa J.C. Wagner na wenzake walikuwa wameeleza wagonjwa 33 wa mesothelioma Afrika Kusini, wengi wao hawajawahi kushika sururu. Waliishi tu jirani na machimbo ya asbesto.

Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006. Lakini marufuku huzuia paa jipya, la zamani linabaki juu. Ndiyo maana mamlaka ya mazingira, NEMA, inataka kazi ya kuling'oa ifanywe na wenye kibali: mabamba yaloweshwe, yafunguliwe moja moja bila kuvunjwa, yashushwe taratibu badala ya kutupwa chini, yafungwe kwenye nailoni nene, kisha yazikwe mahali palipoidhinishwa. Maji ndiyo siri yenyewe, maana uzi uliolowa haupeperuki. Kitambaa ulichojifunga puani hakitoshi kukukinga.

Nguo za kazi nazo zisifike nyumbani. Wapo wanawake waliougua mesothelioma bila kukanyaga kiwandani hata siku moja. Walikuwa wakikung'uta na kufua ovaroli za waume zao.